Beji za kufuatilia wafanyakazi wodini: tufanye nini ili zikubalike kwa ajili ya usalama wa wagonjwa?

MlinziWaWodi anauliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi ni muuguzi kiongozi na ndiye niliyekabidhiwa dhamana ya usalama wa wagonjwa katika hospitali ninayofanya kazi. Naleta suala hili kwenu kwa sababu naamini humu wamo waliokwisha kulipitia, na kwa sababu uamuzi tutakaoufanya utawagusa wagonjwa na wahudumu kwa miaka mingi.

Uongozi umenunua mfumo wa kufuatilia wenye sehemu tatu. Ya kwanza ni mkanda wa mkononi wa mgonjwa, unaobeba utambulisho wake na kutoa tahadhari pale mgonjwa aliyechanganyikiwa, au mtoto mchanga, anapovushwa mlango wa wodi bila idhini. Ya pili ni vibandiko vya RFID, yaani vya utambuzi kwa mawimbi ya redio, vinavyowekwa kwenye pampu za dripu, mashine za kupumulia, machela na viti vya magurudumu, ili kifaa kitafutwe kwenye kompyuta badala ya kutafutwa kwa miguu. Ya tatu ni beji za wauguzi, madaktari na wahudumu wengine, zinazoonyesha nani yuko chumba gani na amekaa humo kwa muda gani. Tumeelezwa kwamba beji hizo zitasaidia kumwita mhudumu aliye karibu zaidi mgonjwa anapozidiwa, na kwamba ugonjwa wa kuambukiza ukizuka itawezekana kujua ni akina nani walioingia katika chumba husika.

Sehemu mbili za kwanza zimepokewa bila manung'uniko. Ya tatu imekwama. Katika kikao cha kuutambulisha mfumo hakuna aliyepinga; watu waliuliza maswali mawili matatu kuhusu betri na ufuaji wa sare, wakatia saini, wakaenda zao. Tulipoanza majaribio katika wodi moja, ramani ya mfumo ilionyesha beji nyingi zimetulia mahali pamoja zamu nzima, na mahali penyewe ni droo ya meza ya wauguzi. Kuna muuguzi niliyemkuta akimgeuza mgonjwa mzito ili asipate vidonda vya mgongo, ilhali kwa mujibu wa mfumo alikuwa hajanyanyuka mezani tangu akabidhiwe zamu. Sikumkemea, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyomleta wodini na alikuwa akiifanya ipasavyo.

Meneja wa mradi anataka kuvaa beji kuwe lazima na asiyevaa aandikiwe barua ya onyo. Mimi nasita, kwa maana nina hofu kwamba tutapata beji zinazotembea bila kupata imani ya wanaozivaa. Naomba mnisaidie katika mambo haya: je, tulazimishe au tungoje? Nani aruhusiwe kuzitazama kumbukumbu za mienendo ya wafanyakazi? Na tutajuaje kwamba mfumo umekubalika kweli, si kwamba watu wamechoka kubishana?

MhadhiriUuguzi anajibu:

Ndugu MlinziWaWodi, asante kwa kulieleza jambo hili kwa uwazi. Nafundisha uuguzi na nimekuwa nikifuatilia namna mifumo mipya inavyopokewa hospitalini, kwa hiyo nitaanza na yale ambayo utafiti umeyaonyesha kisha niseme ninavyouona mradi wenu.

Mwaka 1989 Fred Davis alionyesha kwamba mfanyakazi huupima mfumo wa kompyuta kwa mambo mawili: kama anaamini utamwezesha kufanya kazi yake vizuri zaidi, na kama anaamini kuutumia hakutamsumbua. La kwanza lilikuwa na uzito mkubwa kuliko la pili. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, walizichambua nadharia nane za aina hiyo na kuziunganisha, wakaongeza nguvu ya watu ambao maoni yao yana uzito kwa mhusika, pamoja na mazingira wezeshi kama vile mafunzo na msaada wa kiufundi. Jambo moja katika matokeo yao linamhusu meneja wako moja kwa moja: nguvu ya maoni ya wengine ilionekana pale ambapo matumizi yalikuwa ya lazima, hasa mwanzoni, na ilipungua kadiri watu walivyopata uzoefu. Barua za onyo zinaweza kuzitoa beji kwenye droo kwa wakati fulani, lakini hazitazifanya zibaki vifuani baada ya watu kuuzoea mfumo na kutoona faida yake.

Sasa zitazame sehemu zenu tatu kwa macho ya muuguzi. Kibandiko kwenye pampu ya dripu kinampunguzia kazi, kwa maana pampu hujificha: hupelekwa pamoja na mgonjwa chumba cha upasuaji, hurudi wodi nyingine, na wako wauguzi wanaozifungia kabatini makusudi ili zamu yao isikose. Mkanda wa mgonjwa unamwondolea hofu ya kumpa mtu dawa ya mwenzake. Beji yake mwenyewe inampa nini? Kwa jinsi mlivyoieleza, faida yake inaenda kwa mgonjwa wa kesho, kwa mlipuko ambao huenda usitokee, na kwa meneja anayetaka kujua watu wanakaa wapi. Anayebeba mzigo na anayevuna si mtu yule yule, na hapo ndipo mifumo mingi hukwama hata pale teknolojia yenyewe inapokuwa nzuri.

Nakuomba pia usizichukulie beji za kwenye droo kama utovu wa nidhamu tu. Ross Koppel na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu hospitali zilizokuwa zikitumia msimbopau, ile mistari inayosomwa na kifaa, wakati wa kutoa dawa, ambapo muuguzi anapaswa kusoma kwa kifaa mkanda wa mgonjwa na pakiti ya dawa kabla ya kumpa. Waliona aina 15 za njia za kuukwepa utaratibu huo, na sababu 31 zilizowafanya wahudumu wazitumie. Sababu nyingi ni za kawaida kabisa: mkanda umelowa au umetafunwa, lebo imejikunja au imefunikwa na lebo nyingine, betri imeisha, mtandao unakatika, dawa imefika bila msimbopau, au mgonjwa amezidiwa na hakuna nafasi ya kutafuta mahali pa kusoma. Kila njia ya kukwepa ilikuwa inaeleza kasoro fulani ya mfumo, mradi awepo mtu aliye tayari kusikiliza. Kabla hujaandika barua hata moja, kaa na wale walioziweka beji kwenye droo, mmoja mmoja, pasipo meneja wa mradi, uwaulize ni kitu gani kiliwafanya wazivue.

Ushauri wangu ni kuanza na vifaa, kisha wagonjwa, na beji za wafanyakazi zije mwisho. Watu wakiona kwa miezi kadhaa kwamba mfumo unawasaidia kupata pampu usiku wa manane, watakuwa na sababu ya kuuamini utakapoomba kitu kikubwa zaidi kutoka kwao.

FundiVifaaTiba anajibu:

Namuunga mkono Mwalimu kuhusu kuanza na vifaa, ila ningependa kuongeza upande wa kiufundi, kwa sababu maamuzi mengi ya kiutawala hufanywa kwa kuamini kwamba nukta kwenye ramani ni ukweli mtupu. Sivyo.

Mifumo mingi inayotumia mawimbi ya redio, iwe RFID yenye betri au Bluetooth, hukadiria mahali beji ilipo kwa nguvu ya mawimbi yanayopokelewa na visomaji vilivyofungwa ukutani au darini. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi hayo, chuma huyarudisha. Wodi imejaa vyote viwili. Muuguzi akiinama juu ya mgonjwa, beji iliyo kifuani mwake inakuwa imebanwa kati ya miili miwili, na kisomaji cha chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta mwembamba, kinaweza kuipokea vizuri kuliko kile cha chumba alichomo. Kwenye ramani ataonekana amehamia kwa jirani. Ukimwadhibu kwa ushahidi huo, umemwadhibu kwa kosa la fizikia.

Ipo mifumo inayotumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho na ambao haupenyi ukuta, na kwa hiyo hutambua chumba kwa uhakika zaidi. Nayo ina udhaifu wake: mwanga huo haupenyi nguo vilevile. Muuguzi anapovaa gauni la kujikinga kabla ya kuingia chumba cha mgonjwa aliyetengwa, beji inabaki chini ya gauni na kutoweka kwenye mfumo, katika chumba kile kile ambacho kumbukumbu zake mngezihitaji zaidi ugonjwa ukizuka. Muulizeni muuzaji wa mfumo wenu unatumia njia gani, kisha msiridhike na jibu la mdomo. Chukueni beji chache, mzungukeni nazo wodini mkiwa mmevaa kila aina ya mavazi ya kazi, mmoja akiandika kwa mkono mahali mlipo na saa, kisha mlinganishe na kumbukumbu za mfumo. Matokeo hayo yabandikwe mahali wafanyakazi wote watayaona, hata kama hayapendezi. Uzoefu wangu ni kwamba watu hukiamini zaidi kifaa kilichotangaziwa mipaka yake kuliko kilichosifiwa kupita kiasi.

Jambo la pili ni usalama wa mashine zenyewe. Mwaka 2008 Remko van der Togt na wenzake, nchini Uholanzi, waliweka mifumo ya RFID karibu na vifaa tiba 41 vya uangalizi maalumu, pasipo mgonjwa kuunganishwa, wakafanya majaribio 123. Yalitokea matukio 34 ya mawimbi kuingilia utendaji wa vifaa, na 22 kati yake yaliwekwa katika kundi la hatari, kwa mfano mashine ya kupumulia kuzimika au pampu ya sindano kusimama. Mifumo ya leo si ile, na vifaa vipya vingi vina kinga bora, lakini hospitali nyingi bado zina pampu na mashine za umri tofauti tofauti, na mashine ya zamani haisomi tarehe ya kalenda. Kabla kisomaji hakijafungwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kila aina ya kifaa kilichomo ijaribiwe, na fundi wa hospitali ndiye atie saini kwamba jaribio limefanyika, si muuzaji.

Naona mmeulizwa maswali kuhusu betri mkayapita haraka. Msiyapite. Beji inayozimika katikati ya zamu pasipo kuonyesha kwamba imezimika ni hatari kuliko kutokuwa na beji, kwa sababu wenzako watadhani unaonekana. Aidha, beji na kamba yake lazima vistahimili dawa za kusafishia mnazotumia, la sivyo kitu kinachotembea chumba hadi chumba kwa jina la usalama kitakuwa chenyewe kinasambaza vijidudu.

NesiWaUsiku anajibu:

Nimewasoma wote kwa makini na ninawaheshimu, lakini ninataka sauti ya mtu anayetakiwa kuivaa beji hiyo isikike pia.

Mwalimu ameshauri tuanze na vifaa ili tuuzoee mfumo kabla ya kufikia beji. Kwa heshima zote, ushauri huo unaweza kuonekana na sisi wa wodini kama njia ya kutulainisha. Kama nia ya mwisho ni kutufuatilia, tuambiwe tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, tujue tunaingia kwenye nini. Mpango wa hatua kwa hatua ni mzuri. Mpango wa hatua kwa hatua ambao hatua yake ya mwisho imefichwa utawafanya watu wakatae hata vile vibandiko vya pampu walivyovipenda.

Kinachonitia hofu si kuonekana. Mgonjwa ananiona, ndugu zake wananiona, daktari wa zamu ananiona. Hofu yangu ni kupimwa kwa kitu ambacho hakiwezi kueleza kazi yangu. Usiku mgonjwa anapokata roho na hana ndugu karibu, mimi hukaa naye nimemshika mkono hadi mwisho, na wakati mwingine ni muda mrefu. Ramani itaonyesha nukta moja iliyoganda kitanda kimoja huku vitanda vingine vikisubiri. Mtu aliye ofisini asubuhi, akiwa na jedwali la dakika kwa kila mgonjwa, ataona kwamba nimechelewa raundi ya dawa na hataona kilichonichelewesha. Jedwali la namna hiyo halihitaji mtu mwenye nia mbaya ili lilete madhara. Linahitaji tu mtu mwenye haraka.

Kuna sehemu nyingine ambazo hazijatajwa hapa. Beji inajua nimekwenda msalani mara ngapi. Inajua niliingia chumba cha mapumziko na nani alikuwamo. Inajua nilikwenda kuzungumza na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Naomba visomaji visifungwe kabisa kwenye vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, vyumba vya mapumziko na ofisi ya chama, na kutofungwa huko kuhakikiwe na mfanyakazi tuliyemchagua wenyewe, awe anaweza kwenda na fundi na kuona kwa macho yake.

Nisiseme yanayonikera tu. Kuna beji ambayo ningeivaa kesho bila kushurutishwa: ile yenye kitufe cha kuomba msaada. Sisi hushambuliwa kazini. Wako wagonjwa waliochanganyikiwa wanaopiga, wako ndugu wa mgonjwa wanaoingia na hasira, na usiku tunakuwa wachache. Kubonyeza kitufe na wenzangu wakajua papo hapo niko chumba gani, hiyo ni faida ninayoielewa bila kufundishwa. Mkitaka beji zitoke kwenye droo, anzeni na kitufe hicho, na beji irekodi mahali nilipo pale tu ninapokibonyeza, mpaka tutakapokubaliana mengine.

MlinziWaWodi:

Dada NesiWaUsiku, nashukuru sana. Habari ya kitufe haikuwahi kutajwa katika kikao chetu hata mara moja, ingawa nimeangalia maelezo ya beji tulizonunua na kitufe kipo. Kilizimwa kwa kuwa mradi uliandikwa kwa lengo la kupima muda wa huduma. Nimeelewa sasa kwamba tulianza na lengo la msimamizi tukaliacha la mhudumu.

Swali langu limebaki kwenye maandishi. Nikipeleka rasimu ya kanuni kwa uongozi, iseme nini kuhusu kumbukumbu, hasa tukio baya linapotokea, mgonjwa akadhurika na familia ikataka kujua nani alikuwa wapi? Hapo ndipo kila mtu anaponyamaza.

DaktariUsalama anajibu:

Ndugu MlinziWaWodi, nimekaa kwenye kamati ya usalama wa wagonjwa na nimeshiriki kuchunguza matukio mengi mabaya, kwa hiyo nitajikita kwenye swali hili la mwisho.

Kanuni yenu ianze kwa kutaja matumizi yanayoruhusiwa, na yawe machache: kuitikia wito wa msaada, kumpata mhudumu wa karibu mgonjwa anapozidiwa, na kuwatafuta waliokutana na mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Kisha iseme waziwazi kwamba matumizi mengine yoyote, ikiwemo tathmini ya utendaji, upangaji wa zamu na hatua za nidhamu, hayaruhusiwi hadi kanuni yenyewe ibadilishwe kwa kikao ambacho wawakilishi wa wafanyakazi wana kura. Nasisitiza neno kura, kwa kuwa kushirikishwa kwa kuarifiwa tu ndiko kulikozaa ile droo. Takwimu za jumla zisizo na majina, kama vile muda wa wastani wa kuitikia kengele katika wodi nzima, zinaweza kutolewa, mradi wodi iwe na watu wa kutosha kiasi kwamba huwezi kumtambua mmoja.

Muda wa kuhifadhi kumbukumbu msiuchague kwa kubahatisha. Uutoe kwenye kazi mliyoitaja. Chukueni ugonjwa wa surua. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na aliyeambukizwa anaweza kukaa hadi siku 21 kabla dalili hazijaonekana. Ni nani anayekumbuka, wiki tatu baadaye, kama aliingia chumba fulani saa moja baada ya mgonjwa kuhamishwa? Hapa kumbukumbu za beji zina thamani ya kweli ambayo daftari la zamu haliwezi kuitoa. Lakini baada ya kipindi hicho kwisha na pasipo mlipuko wowote, kumbukumbu zenye majina hazina kazi ya kitabibu iliyobaki, na zifutwe na mfumo wenyewe, bila kumsubiri mtu akumbuke kuzifuta. Kila anayezifungua kabla ya hapo aache alama, yaani jina lake, saa na sababu, na mfanyakazi aruhusiwe kuona nani amefungua kumbukumbu zake.

Kuhusu tukio baya: msiwaahidi wafanyakazi kwamba kumbukumbu hazitatoka kamwe. Mahakama ikiziagiza, hospitali itazitoa, na ahadi iliyovunjwa itaua imani kwa kizazi kizima cha wahudumu. Semeni ukweli huo katika mafunzo. Mnachoweza kuahidi ni kwamba katika uchunguzi wa ndani kumbukumbu za mahali hazitatumika peke yake kumtia mtu hatiani, kwamba mhusika ataonyeshwa kumbukumbu hizo na kusikilizwa kabla ya kamati kuandika chochote, na kwamba makosa ya mfumo aliyoyaeleza FundiVifaaTiba yataambatanishwa kwenye taarifa. Kwa upande wangu, nimeona kumbukumbu za aina hii zikimwokoa mhudumu. Familia ilidai hakuna aliyemtembelea mgonjwa wao usiku kucha, na kumbukumbu zikaonyesha muuguzi aliingia mara kwa mara wakati ndugu wamelala kwenye benchi la nje. Lakini sikubaliani na wanaoitumia hoja hiyo kuhalalisha ufuatiliaji usio na mipaka, kwa sababu mhudumu asiye na kosa hapaswi kuhitaji kifaa kimtetee.

Jihadharini pia na kishawishi cha kuunganisha beji na vitoa dawa ya kutakasa mikono ili kumpima kila mtu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 nyakati tano za kutakasa mikono, na mojawapo ni kabla tu ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama vile kufungua mrija ulio kwenye mshipa. Beji inajua umeingia chumbani na kwamba kitoa dawa kimebonyezwa. Haijui ulichokigusa katikati. Mtu atabonyeza mlangoni ili ahesabiwe, na ule wakati ulio muhimu zaidi, wa kando ya kitanda, ukabaki bila kuangaliwa.

Uliuliza utajuaje kwamba mfumo umekubalika. Dodoso peke yake halitoshi, kwa maana watu hujaza wanachodhani unataka kukisoma. Tazama kama wafanyakazi wenyewe wanaleta malalamiko kuhusu mfumo ukiharibika. Kitu kisichopendwa kikifa, hakuna anayepiga simu. Tazama kama wanatafuta vifaa kwenye kompyuta pasipo kukumbushwa, na kama wanapendekeza matumizi mapya. Msimbopau wa dawa katika hospitali za maveterani wa Marekani ulitokana na wazo la muuguzi, Sue Kinnick wa Topeka, Kansas, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona gari la kukodi likipokelewa kwa kusomwa na kifaa cha mkononi, akauliza kwa nini jambo hilo lisifanywe kwa dawa na mgonjwa. Manufaa ya njia hiyo yalipimwa baadaye: Eric Poon na wenzake waliripoti mwaka 2010, kutoka hospitali moja ya Boston, kwamba makosa ya utoaji dawa yasiyohusu muda yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8 baada ya msimbopau kuanza kutumika. Kwa hiyo usiwatazame wauguzi wako kama watu wa kushawishiwa tu. Yule aliyeweka beji kwenye droo anaweza kuwa ndiye atakayekwambia inapaswa kufanya nini.

MlinziWaWodi:

Daktari, Mwalimu, Fundi na Dada, nimeyaandika yote. Nitamwomba meneja asitishe barua za onyo, kitufe cha msaada kiwashwe katika wodi ya majaribio, na ufuatiliaji wa muda wote uzimwe hadi kanuni ipigiwe kura. Fundi wetu atafanya lile zoezi la kuzunguka na beji chini ya gauni wiki hii.

NesiWaUsiku:

Zoezi hilo lifanyike pia usiku, tafadhali, wodi ikiwa na watu wachache na milango ya moto imefungwa, na kitufe kibonyezwe kutoka bafu la wagonjwa, ambako kelele hazisikiki mezani. Mkiandika dakika ngapi zilipita kabla ya mtu kufika, tuonyesheni idadi hiyo kabla ya kutuletea fomu ya kutia saini.